Kilo 10 kwa "wiki" moja kwenye The Biggest Loser: hapo mafuta ni kiasi gani?

PwaniMtazamaji

Wakuu salaam. Naomba wenye ujuzi wa lishe, tiba na utengenezaji wa vipindi tulichambue hili kwa namba, si kwa hisia.

The Biggest Loser ya Marekani, shindano la televisheni la kupunguza uzito, ilianza kurushwa kituo cha NBC mwaka 2004, ikaenda misimu 17 hadi 2016, kisha ikarudi kituo cha USA Network mwaka 2020. Mshindi alipatikana kwa asilimia ya uzito aliopoteza, na kwa misimu mingi zawadi ilikuwa dola 250,000. Wiki ya kwanza mshiriki anapanda mizani, namba zinarukaruka, zinatulia: pauni 20, pauni 25, wengine zaidi ya 30. Ukigeuza ni kilo 9 mpaka karibu 14.

Vipande vya vipindi hivyo sasa vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za wauza chai za kukata tumbo, vinatolewa kama ushahidi kwamba kilo 10 ndani ya siku 7 inawezekana na anayeshindwa ni mvivu. Watu wanakaa na njaa kwa sababu ya vipande hivyo.

Ninachoomba: katika zile kilo 10 au 12 za wiki ya kwanza, mafuta ni ngapi na zilizobaki ni nini? Hiyo "wiki" ni siku saba kweli? Na kwa nini wengi wao uzito ulirudi?

---

HesabuYaKalori

Mkuu, tuanze na hesabu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kilokalori 7,700. Ili iondoke, mwili lazima utumie 7,700 zaidi ya ulizoingiza. Chai, limau, tangawizi, mkanda wa tumboni, vyote havibadilishi hapo kitu.

Mchukue mwanaume wa kilo 180. Akilala tu kitandani mwili wake unakula kama 2,600 hadi 2,900 kwa siku, kwa sababu mwili mkubwa ni ghali kuuendesha. Mpe mazoezi makali saa nne kwa siku, jambo ambalo mtu mwenye kazi na watoto haliwezi, na tuseme matumizi yake yamefika 5,500. Mlishe 1,500. Pengo ni 4,000 kwa siku, yaani 28,000 kwa siku saba. Gawanya kwa 7,700 unapata kilo 3.6 za mafuta. Huyo ni mtu mkubwa sana, anafanyishwa kazi kupita kiasi, ana daktari pembeni. Mwanamke wa kilo 110 kwenye mazingira yaleyale pengo lake likiwa 2,500, mafuta ni kilo 2.3 tu.

Kwa hiyo mizani ikisoma kilo 12, kilo nane na ushee si mafuta. Zinatoka hapa:

Kwanza glaikojeni, ile wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini. Mtu mzima ana kama gramu 400 hadi 500, mwenye mwili mkubwa huzidi hapo. Kila gramu inakaa na maji yapata gramu 3. Ukikata wanga na kufanya mazoezi siku mbili tatu, ghala linakuwa karibu tupu na kilo 2 zimeondoka bila tone la mafuta kuguswa.

Pili chumvi, na hii watu huidharau. Aliyekuwa anakula vyakula vya mgahawani na vya pakiti anaingiza chumvi nyingi kila siku, na mwili unashikilia maji ili kuizimua. Kwenye kambi wanakokaa washiriki anapewa chakula kilichopikwa upya chenye chumvi kidogo. Figo zinaachia maji. Kama miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, hapo kilo kadhaa zinaondoka kwa mkojo ndani ya siku chache.

Tatu ni kilichomo tumboni na kwenye utumbo. Chakula kikipungua kwa theluthi mbili, mzigo unaosafiri humo nao unapungua. Kilo moja, moja na nusu.

Nne ni jasho la siku yenyewe ya kupimwa. Lita moja ya jasho ni kilo moja, na mtu mkubwa kwenye joto anaweza kutoa lita moja hadi mbili kwa saa.

Ndiyo maana wiki ya pili kwenye kipindi kile huwa na machozi. Aliyeshusha pauni 25 sasa ameshusha 4, anaulizwa mbele ya kamera amekosea wapi. Hakukosea. Maji ya bure yameisha, na misuli iliyopigwa na mazoezi mageni huvimba kidogo na kushika maji. Ile namba ndogo ya wiki ya pili, aliyoilia, iko karibu zaidi na mafuta halisi kuliko ile aliyoshangiliwa.

Maji yanaweza pia kuchezewa upande wa pili. Msimu wa 4, mwaka 2007, mshiriki mmoja alipanda pauni 17 (kilo 7.7) kwenye mizani kwa makusudi, kwa kujijaza maji, kama mbinu ya mchezo. Ukiweza kuongeza karibu kilo 8 kwa kunywa, unaweza kuzishusha wiki inayofuata na ukaonekana shujaa. Na tafadhali asijaribu mtu: maji mengi kwa haraka hushusha sodiamu kwenye damu, ubongo unavimba, mtu anapata degedege.

---

MezaYaUhariri

Niongeze upande wa utengenezaji, kwa sababu HesabuYaKalori amegawa kwa siku saba na hapo amewapa heshima ambayo kalenda haiwapi.

"Wiki" kwenye mashindano ya aina hii ni jina la sehemu moja inayorushwa hewani. Ratiba ya kurekodi ina mambo yake: changamoto, mahojiano, safari, mvua, kamera kuharibika. Andrew Costello, aliyeshiriki toleo la Australia mwaka 2008, aliandika hadharani kwamba kati ya kupimwa mara moja na nyingine wiki fupi kuliko zote ilikuwa siku 16 na ndefu ilifika siku 25. Sasa chukua kilo 10, zigawe kwa siku 16 badala ya 7.

Unaweza kujikagulia mwenyewe ukiwa na rimoti. Msimamishe mshiriki mwenye nywele zilizopakwa rangi kwenye mizani moja, kisha mizani inayofuata, utazame mizizi. Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1.25 kwa mwezi, yaani milimita tatu kwa wiki. Ukiona mstari wa rangi ya asili umesogea karibu sentimita nzima, hizo si siku saba, ni wiki tatu. Ndevu na kucha za rangi nazo zinasema. Jambo hili linaonekana hata kwenye video ya ubora mdogo.

Zile namba kuruka juu chini sekunde kumi kabla ya kusimama: mizani ya kidijitali inayobeba kilo 300 hutulia ndani ya sekunde chache tu mtu akisimama wima. Kinachorukaruka pale ni michoro na muziki. Katikati wanaingizwa watu wanaoziba midomo kwa viganja, na sura ya mtu aliyeshtuka inaweza kuwa imerekodiwa wakati mwingine kabisa. Kwenye mahojiano sikiliza sehemu ambayo sauti inaendelea lakini mdomo hauonekani, skrini imepeleka picha ya mlima au ya miguu inayokimbia. Hapo mara nyingi sentensi imeunganishwa kutoka vipande viwili au vitatu. Dalili ni pumzi kukatika ghafla, au mwangwi wa chumba kubadilika katikati ya sentensi.

Picha za "kabla" na "baada" nazo zina ufundi wake. Kabla: taa kali ya juu inayotupa kivuli chini ya kila mkunjo, nguo ya kubana yenye rangi hafifu, mabega yameanguka, tumbo limeachiwa, hakuna tabasamu. Baada: taa ya pembeni inayochora misuli, ngozi iliyotiwa rangi, nguo nyeusi iliyoshonwa kwa kipimo, pumzi ndani, kidevu juu, kamera chini kidogo ya usawa wa kifua. Mtu yuleyule, asubuhi na jioni ya siku hiyohiyo, anaweza kutoa picha mbili zinazoonekana kutofautiana kilo nyingi. Wauza chai wanajua hili vizuri sana.

Na kanuni ya asilimia, ambayo mleta uzi ameitaja, ina madhara ambayo watu hawayaoni. Ukishindanisha asilimia, hakuna mahali pa kusimama. Kila kilo ni pointi, hata ile ambayo mwili unaihitaji. Mwaka 2014 Rachel Frederickson alishinda msimu wa 15 kwa kutoka pauni 260 hadi 105, karibu asilimia 60 ya mwili wake. BMI yake (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ilikuwa chini ya 18.5, yaani eneo la uzito pungufu. Tazameni nyuso za wakufunzi Bob Harper na Jillian Michaels alipotokea jukwaani. Kanuni za shindano ndizo zilizomfikisha pale, naye alizifuata.

---

PwaniMtazamaji

Asanteni sana, hilo la mizizi ya nywele nitalitazama kwa jicho jipya. Vipi kuhusu My 600-lb Life, kile kipindi cha wagonjwa wenye uzito mkubwa mno? Pale hakuna shindano. Daktari anamwambia mgonjwa ashushe pauni 50 kwa miezi miwili ndipo amfanyie upasuaji, na wengine wanafika. Hiyo nayo ni maji? Na upasuaji wenyewe wanaonyesha dakika mbili tu, kisha mtu anaonekana kapungua.

---

ZamuYaUsiku

Hapa ni kitu tofauti na kinastahili heshima yake, ingawa kinakatwa mno.

My 600-lb Life ilianza kituo cha TLC mwaka 2012. Pauni 600 ni kilo 272. Wagonjwa huenda Houston, Texas, kwa Dkt. Younan Nowzaradan, na mlo anaowapa ni wa kilokalori 1,200 kwa siku, protini nyingi, wanga kidogo. Lile sharti lake la kupungua kwanza linaonekana kama ukatili, lakini fanyeni hesabu ileile ya juu. Mtu wa kilo 280 anayekaa kitandani mwili wake unatumia kama 3,500 hadi 4,000. Akila 1,200 kweli, pengo ni 2,300 hadi 2,800 kwa siku. Kwa siku 60 ni kilo 18 hadi 22 za mafuta, na maji ya miguu na tumbo yakiongezeka juu yake, pauni 50 inafikika bila hata kutembea. Kwa hiyo akirudi amepungua pauni 5, au ameongezeka, daktari anajua chakula kinaingia. Mtu wa ukubwa ule hawezi kubaki na uzito uleule akila 1,200, isipokuwa ana maji yanayojaa kwa sababu ya moyo au figo, na hilo huchunguzwa.

Sababu ya pili iko ndani ya tumbo. Ini la mtu mwenye uzito huo limejaa mafuta, limekuwa kubwa na zito, na linaulalia mfuko wa chakula. Mpasuaji anayeingia kwa matundu madogo lazima aliinue ili aone sehemu ya juu ya mfuko, na ini la namna hiyo huchanika na kutoa damu. Mlo mkali wa wiki mbili hadi nne hulifanya lisinyae kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana hata hospitali ambazo hazina kamera humtaka mgonjwa afuate mlo huo kabla ya siku ya upasuaji.

Zile dakika mbili za chumba cha upasuaji: kwenye upasuaji wa kukata mfuko kuwa mrija, mpira wenye unene wa kama milimita 12 au 13 huingizwa kupitia mdomoni ukalala kando ya upande mdogo wa mfuko, kisha mashine ya kubana pini na kukata inafuata mpira huo kutoka chini, sentimita 4 hadi 6 kabla ya tundu la kutokea, mpaka juu. Asilimia 75 hadi 80 ya mfuko inatolewa nje. Kwenye ule mwingine wa kuunganisha utumbo, kinabaki kikoba cha takriban mililita 30 kilichounganishwa na utumbo mdogo, chakula kikipita pembeni ya sehemu kubwa ya mfuko. Mililita 30 ni vijiko viwili vya mezani.

Kinachoogopwa baada ya hapo ni mshono kuvuja na damu kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Kuvuja huanza kimyakimya. Tumbo la mtu mnene halikazi upesi kama la mtu mwembamba, kwa hiyo usingoje likaze. Tazama mapigo ya moyo: yakizidi 120 kwa dakika na hayashuki, mgonjwa ana wasiwasi usioelezeka, maumivu ya bega la kushoto, homa, hapo hatibiwi "gesi", anarudishwa kuchunguzwa. Kwa damu kuganda, dawa ya kuzuia huchomwa chini ya ngozi na mgonjwa anasimamishwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana kwenye kipindi wauguzi wanamlazimisha atembee huku analia. Hawamwonei.

Chakula baadaye huenda kwa ngazi. Siku ya kwanza na ya pili vimiminika vyepesi, kisha vimiminika vizito vyenye protini hadi kama wiki mbili, kisha vilivyosagwa wiki mbili nyingine, kisha laini, na chakula cha kawaida baada ya wiki sita hadi nane. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Maji lita moja na nusu kwa mafunda madogo, lakini si pamoja na chakula: ngoja nusu saa baada ya kula. Anayeruka ngazi na kula wali wiki ya pili anatapika, na kutapika kunavuta mshono.

Kitu ambacho televisheni karibu haikigusi ni vitamini za maisha yote. Kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, igawanywe mara mbili au tatu kwa sababu mwili haufyonzi zaidi ya 500 hadi 600 kwa mkupuo. Madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wenye hedhi, yatenganishwe na kalsiamu kwa saa mbili au zaidi. B12 ya kumeza kila siku au sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Vitamini D yuniti 3,000 kwa siku. Na vitamini B1, tafadhali. Mgonjwa anayetapika mfululizo kwa wiki mbili au tatu, kisha akaanza kuona viwili viwili, kuyumba na kuchanganyikiwa, ameishiwa B1. Apewe B1 ya mshipa kwanza, ndipo dripu ya sukari. Ukitanguliza sukari unamalizia kile kidogo kilichobaki na ubongo unaharibika moja kwa moja.

Kupungua kwa kasi pia huzaa mawe kwenye mfuko wa nyongo, ndiyo sababu wengi hupewa dawa ya kuyazuia kwa miezi sita. Wanawake wanashauriwa wasishike mimba miezi 12 hadi 18, na hapo kuna mtego: rutuba hurudi upesi uzito ukipungua, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri baada ya kuunganisha utumbo.

Kwa wa Dar wanaouliza kila mara: puto linalowekwa hospitali ya Mloganzila si upasuaji huu. Linaingizwa kwa mdomo na kamera, linajazwa maji, hakikatwi kitu, na hutolewa baada ya miezi kadhaa kulingana na aina yake. Linasaidia kushiba, na likitoka, mazoea ya kula ndiyo yanabaki kufanya kazi.

---

MtaaWaSita

Mimi nina neno. Inasemwa kwamba wale wa Biggest Loser umetaboli wao, yaani namna mwili unavyotumia nishati, uliharibika kabisa, haurudi. Kama ni hivyo basi kupungua haraka kunaharibu mwili milele, na hakuna haja ya kujaribu.

---

HesabuYaKalori

Kuna utafiti nyuma ya maneno hayo, ila umefika mitaani umekatwa kichwa na miguu.

Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapima washiriki 14 wa msimu wa 8, wa mwaka 2009: kabla ya kuanza, mwisho wa wiki 30, na tena baada ya miaka 6. Matokeo yalichapishwa 2016. Kwa wastani walipoteza kilo 58.3 na baada ya miaka 6 walikuwa wamerudisha kilo 41. Mwanzoni mwili ukiwa umepumzika ulitumia wastani wa kilokalori 2,607 kwa siku. Wiki ya 30 ulikuwa 1,996. Miaka 6 baadaye, wakiwa wameshaongezeka tena, 1,903.

Sehemu ya kushuka huko ni ya kawaida, mwili mdogo unakula kidogo. Wasiwasi ni kile kinachozidi kawaida. Watafiti walikokotoa mtu wa ukubwa, umri na jinsia ileile angetumia kiasi gani, wakalinganisha. Wiki ya 30 miili yao ilikuwa inatumia 275 pungufu ya hesabu hiyo. Baada ya miaka 6, pungufu 499. Hiyo ni kama sahani ya wali kila siku ambayo mwenzako wa kilo zilezile anakula asinenepe, na wewe ukiila inabaki. Ongeza leptini, homoni ya kuuambia ubongo kwamba akiba ipo: ilitoka wastani wa 41 hadi chini ya 3, na baada ya miaka 6 ilikuwa imefika 28 hivi. Mtu huyo ana njaa kweli. Kumwita hana nidhamu ni kumwonea.

Sasa kile kinachoachwa nje. Mosi, wale walioshikilia uzito wao hawakuwa wenye umetaboli ulioshuka kidogo. Kundi hilohilo lilipochambuliwa kwa shughuli za mwili, walioshikilia walikuwa wameongeza shughuli zao kwa asilimia 160 ukilinganisha na mwanzo, na waliorudisha asilimia 34. Makadirio yalikuwa kama dakika 80 kwa siku za kutembea kwa kasi, au dakika 35 za mazoezi makali. Ni nyingi, lakini ni kitu mtu anaweza kukipanga. Mbili, mwaka 2022 Hall mwenyewe alirudi kwenye data zile akapendekeza kwamba kushuka kule kunaendana na mazoezi yenyewe: mwili unaofanyishwa kazi sana hubana matumizi mengine. Neno "umeharibika" halimo.

Tatu, walilinganishwa na watu waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo, jozi 13. Kwa waliopasuliwa, kubana huko kulionekana miezi 6, na kwenye mwezi wa 12 hakukuonekana tena. Kwa wa kambini kulibaki. Kwa upande mwingine, wa kambini walilinda misuli vizuri zaidi, na hiyo ni kazi ya mazoezi. Kwa hiyo MtaaWaSita, usitoke hapa ukisema hakuna haja. Sema mpango wa kupungua ambao hauna sura ya mwaka wa pili na wa tatu haujakamilika.

---

KochaWaKisauni

Nimefuatilia uzi wote. Niseme la hatari na la mashindano, maana majimu na maofisi Mombasa, Dar na Nairobi wanaiga muundo huu kwa kiingilio na zawadi.

Hatari kubwa iko siku ya kwanza. Msimu wa 8 huohuo ulianza kwa mbio za maili moja ufukweni, watu wasio na mazoezi kabisa, na wawili wakaishia hospitalini. Misuli isiyozoea ikilazimishwa ghafla, hasa kwenye joto na bila maji, nyuzi zake hupasuka na kumwaga vilivyomo kwenye damu, vikaziba figo. Dalili: maumivu na uvimbe kupita uchovu wa kawaida, udhaifu, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiona mkojo huo usimpe mtu diklofenaki (dawa ya maumivu) wala asipumzishwe nyumbani. Ni dripu hospitalini, siku hiyo. Mshindi wa kwanza kabisa, Ryan Benson wa 2004, alisema wazi baadaye kwamba alifunga kula na kujikausha maji mpaka akakojoa damu. Zawadi ikiwekwa kwenye namba ya mizani ya siku moja, watu watajikausha. Huwezi kuwazuia kwa kuwaomba.

Kwa hiyo badilisheni kanuni. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si zulia. Ikaguliwe: panda na dumu tupu mkononi, shuka, lijaze lita 20 zilizopimwa kwa chupa za lita moja, panda tena. Tofauti ikiwa si kilo 20, hiyo mizani haifai kushindania fedha. Watu wapimwe asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, nguo nyepesi zilezile, siku tatu mfululizo, uandikwe wastani. Kiuno kipimwe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akishusha pumzi kawaida, na kiwe nusu ya alama.

Wekeni kikomo: kinachozidi asilimia 1 ya uzito kwa wiki hakihesabiwi. Mtu wa kilo 100 akishusha 4, anaandikiwa 1. Siku hiyo hiyo sababu ya kukaa sauna inakufa. Wajawazito, wanaonyonyesha, na walio kwenye insulini au vidonge vya kisukari wasiingie bila daktari wao kurekebisha dozi, kwa sababu ukikata chakula na dozi ikabaki ileile, sukari inaanguka usiku mtu akiwa amelala.

Muda usipungue wiki 12. Na zawadi igawanywe: nusu siku ya mwisho, nusu nyingine miezi 6 baadaye kwa atakayekuwa hajarudisha zaidi ya robo ya alichopunguza. Mwekeni mtu wa kushika hiyo nusu ya pili ambaye si mwenye jimu.